Haluli na Chuku: Habari za Kusafisha Mwili kwa Dawa

Katika lugha yetu yamo maneno ambayo asili yake ni utabibu wa kale, nasi twayatumia kila siku pasipo kuyafikiri. Mtu mwenye kikohozi husema kwamba anatoa balghamu. Mtu aliyepauka kwa kupungukiwa na damu husemwa kwamba ana safura. Maneno haya mawili tumeyapata kwa Waarabu, na matabibu wa Kiarabu walifuata mafundisho ya Wayunani, hasa ya Galeno, aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo. Katika mafundisho hayo mwili ulisemwa kuwa na maji ya namna nne: damu, balghamu, nyongo nyeusi, na nyongo ya manjano, ambayo ndiyo iliyoitwa safura hapo kwanza. Afya ilikuwa ni kulingana kwa maji hayo manne. Ugonjwa ulikuwa ni kuzidi kwa mojawapo au kuharibika kwake. Basi kazi ya tabibu ilikuwa kukitoa kile kilichozidi, kwa kutapisha, au kwa kuharisha, au kwa kutoa damu. Ndiyo maana haluli, sanamaki na chuku ya kuumikia zilikaa pamoja katika mfuko mmoja. Leo twajua kwamba safura huletwa na minyoo midogo inayofyonza damu katika matumbo, wala si nyongo. Walakini jina limebaki, na pamoja na jina limebaki wazo.

Wazo hilo ni hili: kwamba ndani ya mwili mna uchafu unaojikusanya, na kwamba mtu akiutoa kwa nguvu atapona. Ni wazo la kale sana. Herodoto, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia kwamba Wamisri walijisafisha siku tatu mfululizo kila mwezi kwa kutapika na kwa kupiga bomba, maana walidhani maradhi yote hutoka katika chakula. Wala wazo hili halikufa. Siku hizi wako wauzao chai, maji ya matunda na vidonge vya “kuondoa sumu mwilini”, na wanunuzi ni wengi, hata miongoni mwa watu waliosoma. Basi waalimu huulizwa: Je, mambo haya ni kweli? Sisi twaona kwamba jibu jema ni kueleza habari iliyotukia, kuliko kukemea. Nasi tumechagua habari za mji wa Philadelphia, katika Marekani, mwaka 1793, kwa kuwa huko wazo hili lilijaribiwa juu ya watu wengi sana, na waliolitumia hawakuwa matapeli, bali walikuwa watu wema na wenye elimu.

Wakati ule Philadelphia ndio uliokuwa mji mkuu wa Marekani, nao pamoja na viunga vyake ulikuwa na watu wapata 50,000. Katika mwezi wa Agosti homa ya manjano iliingia. Mgonjwa alishikwa na homa kali na maumivu ya kichwa na ya mgongo. Baadaye macho na ngozi viligeuka manjano, akatapika vitu vyeusi, na wengi wakafa katika siku chache. Maelfu ya watu waliukimbia mji, na Rais Washington na maofisa wa serikali pia waliondoka. Hata baridi ya Novemba ilipofika na ugonjwa ukakoma, watu wapata 5,000 walikuwa wamekwisha kufa, yaani mmoja katika kila watu kumi.

Daktari aliyejulikana kuliko wote mjini alikuwa Benjamin Rush. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa wale waliotia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, tena alikuwa mwalimu wa utabibu, na mpinzani wa utumwa. Wengine walipokimbia, yeye alikaa. Aliona kwamba dawa za upole hazifai kitu, akatafuta katika maandiko ya zamani, akakuta shauri la kwamba katika homa hii mgonjwa aharishwe kwa nguvu, hata kama amedhoofika. Basi alitengeneza dawa ya kalomeli punje 10 na mzizi wa jalapa punje 15, akampa mgonjwa mara kwa mara mpaka tumbo limwendeshe sana. Kalomeli ni dawa ya zebaki, na zebaki yenyewe ni sumu: huvimbisha ufizi, huleta mate mengi, na hung’oa meno. Pamoja na hayo alimtoa mgonjwa damu, tena nyingi, na kurudia siku ya pili na ya tatu.

Kwa nini mtu mwenye akili kama huyu aliamini jambo hili? Ni kwa sababu aliliona kwa macho. Mgonjwa alipokunywa dawa, vilitoka vitu vingi vyeusi vyenye harufu mbaya, naye Rush akasema: Tazameni nyongo iliyooza, ndiyo iliyokuwa ikimwua. Lakini weusi ule haukuwa nyongo iliyooza. Homa ya manjano huliharibu ini na kufanya damu ivuje tumboni, na damu ikikaa na maji makali ya tumbo hugeuka nyeusi. Kile alichokiita uchafu kilikuwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Tena mgonjwa aliyekwisha kupotewa na maji kwa homa na kwa kutapika, alipotewa zaidi kwa dawa na kwa kisu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila moshi uonekanao angani ni wingu.

Katika habari hii wamo watu wawili ambao wasomaji wetu yafaa wawajue. Nao ni Absalom Jones na Richard Allen, watu weusi waliozaliwa katika utumwa, wakapata uhuru wao, na mwaka 1787 wakaanzisha chama cha kusaidiana kilichoitwa Free African Society. Baadaye Jones alipewa ukasisi katika Kanisa la Episkopali, na Allen akawa askofu wa kwanza wa Kanisa la African Methodist Episcopal, lililoundwa mwaka 1816. Katika mwaka wa homa, Rush alifundisha ya kuwa watu weusi hawashikwi na ugonjwa huu, na watu wa mji wakawaomba waje kuuguza. Wakaja. Waliingia katika nyumba ambazo ndugu wa wagonjwa wenyewe walizikimbia. Waliwalisha wagonjwa, wakawazika wafu, wakawachukua yatima. Nao walifundishwa dawa ya Rush, na katika kitabu walichoandika mwaka 1794 walisema kwamba walikuwa wamewatoa damu watu zaidi ya 800.

Lakini fundisho la kwamba watu weusi hawapati homa ile lilikuwa la uongo. Allen mwenyewe aliugua, akapona. Na katika kitabu kile waliandika hesabu ya makaburi: mwaka 1792 watu weusi waliozikwa mjini walikuwa 67, mwaka 1793 walikuwa 305. Kitabu hicho walikiandika kwa sababu mchapaji mmoja mashuhuri alikuwa amewashutumu baadhi ya wauguzi weusi kwamba walinyang’anya watu mali. Wao hawakujibu kwa matusi, bali walijibu kwa hesabu na kwa mambo waliyoyashuhudia. Twaona ajabu katika jambo hili: watu hawa hawa, walioitumia dawa isiyofaa kwa imani yote, ndio waliotuachia namna ya kulipima neno la daktari, yaani kuhesabu.

Wala haikuwa kwamba hapakuwa na njia nyingine. Nje ya mji, mahali paitwapo Bush Hill, palifanywa hospitali, na daktari mmoja Mfaransa, Jean Devèze, aliyekuwa amekimbia vita vya Saint-Domingue, alitibu huko kwa upole: kupumzika, usafi, vinywaji na chakula chepesi. Hakuwa na dawa ya kuua ugonjwa, maana hata leo hakuna. Lakini hakumwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili. Rush kwa upande wake alishikwa na homa, akatumia dawa yake mwenyewe, akapona, na kupona kwake kukamthibitishia neno lake. Wanafunzi wake watatu na dada yake walikufa. Lakini vifo hivyo havikumgeuza. Hivi ndivyo ilivyo kawaida ya wanadamu: aliyepona hushukuru dawa, na aliyekufa husemwa kwamba alichelewa kuja.

Mwandishi William Cobbett alimdhihaki Rush katika gazeti lake, akawataka watu wazitazame hesabu za waliozikwa. Rush alimshitaki, na Desemba 1799 baraza likamhukumu Cobbett alipe dola 5,000. Mwezi huo huo George Washington alishikwa na ugonjwa wa koo. Madaktari wake wakamtoa damu mara nne na kumpa kalomeli na dawa ya kutapisha, naye akafa siku ile ile. Hatuwezi kusema kwamba ndiyo iliyomwua, lakini twaona jinsi fundisho lile lilivyokuwa na nguvu, hata juu ya kitanda cha mkubwa wa nchi.

Mambo yalianza kugeuka huko Paris. Mwaka 1835 daktari Pierre Louis alitoa kitabu juu ya wagonjwa 77 wa kichomi cha mapafu, ambao wote walitolewa damu, wengine katika siku nne za kwanza, na wengine baadaye. Katika wale 41 wa kwanza walikufa 18. Katika wale 36 wa baadaye walikufa 9. Kama kutoa damu kungekuwa dawa, wale waliowahi kutolewa wangalipona zaidi. Hesabu hii ilikuwa ndogo, wala haikumaliza shauri mara moja. Lakini ilifungua mlango. Kisha sababu yenyewe ya homa ya manjano ikajulikana. Carlos Finlay wa Cuba alisema mwaka 1881 ya kuwa huchukuliwa na mbu. Walter Reed na wenzake wakathibitisha mwaka 1900. Na katika mwaka 1937 ikapatikana chanjo. Katika yote hayo hapakuwa na nyongo ya kutoa.

Hata hivyo wazo la uchafu wa ndani lilivaa nguo mpya. Mwaka 1887 Charles Bouchard wa Ufaransa alifundisha kwamba mtu hujitia sumu kwa mavi yake mwenyewe yakikaa sana tumboni. Katika Uingereza, Arbuthnot Lane, mpasuaji mashuhuri, aliwakata watu utumbo mpana kwa sababu hiyo, na wengine wakafa. Lakini kati ya miaka ya 1919 na 1922 madaktari wa Marekani, Walter Alvarez miongoni mwao, walionyesha kwamba kuumwa kichwa na uchovu wa mtu aliyefunga choo huondoka mara apatapo choo, upesi kuliko sumu iwezavyo kutoka katika damu. Tena kwamba pamba safi ikijazwa katika njia ya haja huleta maumivu yale yale. Basi ni kujaa kunakouma, si sumu.

Na hizi tiba za leo? Mwaka 1976 Stanley Burroughs wa Marekani alitoa kitabu cha kufundisha watu wanywe maji ya limau, asali ya mti wa mepo na pilipili tu kwa siku kumi au zaidi. Watu wengi wameiga. Mwaka 2009 chama cha Sense About Science cha Uingereza kiliwauliza wenye kuuza bidhaa 15 za namna hii, na hawakukubaliana hata juu ya maana ya neno lenyewe. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Australia, Klein na Kiat, walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyaona: yalikuwa machache, ya watu wachache, yenye kasoro, na hakuna hata moja lililowagawa watu kwa kura na kuwalinganisha ili kujua kama tiba hizo zafaa. Mwenye kujinyima chakula hupungua uzito, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya upungufu wa siku za kwanza ni maji, nayo hurudi akianza kula. Na mwenye kuharishwa sana hupoteza maji na chumvi ambazo moyo wazihitaji.

Mwili haukuachwa bila wasafishaji. Ini hugeuza pombe na sumu nyingine, na figo huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180 kila siku, kisha huyarudisha karibu yote. Viungo hivi vikishindwa, dawa ya kweli ni kazi ya hospitali, kama ile mashine ya kuchuja damu aliyoitengeneza Willem Kolff katika Uholanzi wakati wa vita, ambayo mwaka 1945 iliokoa mgonjwa wa kwanza. Wala hatusemi kwamba haluli haina kazi: yafaa kwa aliyefunga choo, na dawa za kuharisha hutumika kabla ya daktari kuchungua utumbo. Tena mtu anayefunga kwa ajili ya sala ana sababu yake, wala haitaji kusingizia sumu.

Wenzetu waalimu, lugha yetu ina neno la kupiga chuku, nalo lina maana mbili: kuumika mtu ili kumtoa damu, na kutia chumvi katika maneno. Mtu akija kwenu akisema kwamba dawa yake huondoa sumu, mwulizeni ni sumu gani, jina lake nani, ilipimwa kwa kipimo gani kabla ya dawa na baada yake, na walioinywa walilinganishwa na nani. Akikujibuni kwa kuonyesha kilichotoka tumboni, kumbukeni kile kitu cheusi cha Philadelphia, kilichokuwa damu. Jones na Allen walikuwa na moyo mwema kupita wengi, nao walitoa damu watu 800. Moyo mwema ulitosha kuwaingiza katika nyumba za wagonjwa. Kuijua dawa kulihitaji hesabu, na hesabu yao ya makaburi 305 ndiyo inayotufundisha mpaka leo.