Mcheza Kwao Hutunzwa: Gharama za Sanaa katika Nchi ya Uluguru

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa tumeizoea tangu shule ya msingi. Mwalimu huieleza kuwa mtu atendaye jambo jema mbele ya watu wake hupata heshima yake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini methali yenyewe ilizaliwa uwanjani, penye ngoma. Huko kumtunza mchezaji ni kumwendea katikati ya mchezo na kumpa zawadi waziwazi, watu wote wakiona. Tena neno hilohilo lina maana ya pili: kukilinda kitu kisiharibike. Hivyo methali moja inatufundisha mambo mawili, yaani kwamba sanaa ina gharama, na kwamba wanaoilipia ndio wanaoihifadhi.

Insha hii inachunguza jinsi gharama hizo zilivyobebwa katika nchi ya Uluguru na mji wa Morogoro. Swali letu ni hili: katika kila kipindi cha historia, "kwao" ya mchezaji ilikuwa wapi, na nani aliyemtunza?

Tunzo la Ukoo

Waluguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo, ambao kwa Kiluguru huitwa lukolo, ndio uliokuwa na ardhi katika miteremko ya milima, na wakuu wa koo ndio waliokuwa na madaraka. Baadhi yao walijulikana mbali kwa sababu ya matambiko ya mvua. Maarufu kuliko wote ni wenye cheo cha Kingalu huko Kinole. Katika jamii ya namna hiyo sanaa haikutengwa na maisha. Ngoma ilikuwa sehemu ya unyago, ya mazishi, ya tambiko na ya mavuno.

Tuchukue mfano wa mwali. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundishwa mambo ya utu uzima kwa nyimbo, mafumbo na michezo, na katika sehemu hii ya nchi, kuanzia Uluguru hadi Uzaramo, mafunzo yalitumia pia sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Siku ya kutolewa kwake ilikuwa ngoma kubwa. Siku hiyo ilihitaji chakula cha wageni, pombe, nguo na shanga za mwali, pamoja na ujira wa wapigaji na wa makungwi. Gharama hizo hazikumwangukia mtu mmoja. Wajomba walikuwa na wajibu wao, upande wa baba ulikuwa na wajibu wake, na majirani walileta nguvu zao. Ndiyo maana sherehe za namna hii zilingoja msimu wa baada ya mavuno, ghala zikiwa na kitu.

Vivyo hivyo msibani. Watani walikuja kuiga mwendo na maneno ya marehemu hata wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Hiyo nayo ni sanaa ya maigizo, na mtani hakuondoka mikono mitupu.

Tunaona basi kwamba sanaa ya ukoo ilikuwa na fungu lake, ingawa halikuandikwa katika daftari lolote. Fungu hilo lilikuwa ghala la nafaka, banda la kuku, na wajibu uliofahamika kwa kila mtu. Aliyetoa alikuwa na haki ya kukosoa mchezo, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa mchezaji. Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Mfumo huo ulimtunza mtu wa ukoo tu, na mwaka wa njaa ngoma nyingi ziliahirishwa.

Kodi, Misheni na Reli

Utawala wa Wajerumani uliutikisa mfumo huo kutoka pande kadhaa. Kodi ya nyumba iliwalazimisha watu kutafuta fedha. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea katika nchi za chini. Kijana aliyekuwa akilima shamba la ukoo sasa alikwenda kutafuta mshahara, na nguvu zake zikakosekana nyumbani. Misheni nazo zilileta shule na hospitali, lakini wamisionari wengi waliziona ngoma za unyago kuwa ushenzi na kuwakataza waumini wao. Baadaye, wakati wa Waingereza, kupiga ngoma mjini kulihitaji kibali cha serikali.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba ngoma haikupungukiwa na wachezaji. Ilipungukiwa na watunzaji. Ghala lilipoingiliwa na kodi, na wajomba walipotawanyika katika kambi za mkonge, fungu la ukoo lilianza kukauka.

Klabu za Mjini

Watu wa Morogoro hawakukaa kungoja. Mjini walikutana watu wa makabila mengi, na ukoo peke yake haukuweza tena kuwaunganisha. Wakaunda vyama. Katika miji ya Tanganyika vyama vya ngoma ya beni vilikuwa vimeonyesha njia tangu mapema katika karne ya 20: vilikuwa na vyeo, sare, michango na mashindano. Baada ya hapo ikaja dansi.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah, kijana wa Morogoro aliyependa mno muziki wa Kuba, akaanzisha bendi ambayo baadaye ilijulikana sana kwa jina la Cuban Marimba. Ukumbi wa dansi ulichukua nafasi ya uwanja wa ukoo, na kiingilio cha mlangoni kikachukua nafasi ya kuku na pombe. Mchezaji alikuwa amepata "kwao" mpya, yaani mji. Ushindani wa bendi hizo mbili uliugawa mji katika mashabiki, na ushindani huo wenyewe ulikuwa namna ya kutunza, kwani kila upande ulitaka wake washinde. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba baada yake. Kwa upande wa Morogoro Jazz aliinuka Mbaraka Mwinshehe, mpigaji gitaa ambaye jina lake lilienea Afrika Mashariki yote.

Lakini mapato ya milangoni hayakutosha kujenga msingi wa kudumu. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani za santuri, na bendi zilitegemea makampuni ya Nairobi. Wimbo ulitungwa Morogoro, ukapendwa hadi vijijini, lakini sehemu kubwa ya faida ilibaki kwa wenye mitambo. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Volcano mwaka 1973. Alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, na bendi yake haikuweza kuendelea kwa nguvu ileile. Leo sauti za bendi hizo zimebaki zaidi katika sahani kuukuu na katika kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Serikali Yaingia Uwanjani

Mwezi Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kwa mara ya kwanza taifa zima lilitajwa kuwa "kwao" ya kila mchezaji, awe wa Uluguru au wa Usukuma. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa. Katika mikoa na wilaya wakawekwa maofisa utamaduni. Jumuiya ya wafanyakazi, majeshi na mashirika ya umma yakawa na bendi na vikundi vyao, na wasanii wake wakalipwa mshahara.

Morogoro ilipata sehemu yake ya heshima hiyo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka. Tuutazame mfano huu kwa makini. Bendi iliyoanzishwa na kulelewa na watu wa mji mmoja kwa zaidi ya miaka 25 ilichukuliwa na taifa ilipokwisha kukomaa. Mji ulilea, taifa likafungua njia. Huo ndio ushirikiano wenye afya.

Hata hivyo mkono wa Serikali ulikuwa na mipaka yake. Utamaduni ulihamishwa mara nyingi kutoka wizara moja hadi nyingine, na fungu lake katika bajeti lilikuwa dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, uchumi ulipokuwa katika shida kubwa, vikundi vya sanaa vya taifa vilikwisha vunjwa, na juhudi zikaelekezwa katika mafunzo kwa kuanzishwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo mwaka 1981. Kulikuwa pia na hasara isiyohesabika kwa shilingi. Ngoma iliyochezwa usiku kucha kwa ajili ya mwali ilifupishwa ikawa ya dakika chache mbele ya jukwaa la mgeni rasmi. Wachezaji walifika asubuhi, wakangoja juani, wakacheza, wakapewa soda na nauli. Kwa hakika hao walilipwa. Je, walitunzwa?

Mkambalani na Funzo la Matuta

Waluguru walikuwa wamekwisha onja msaada uliokuja bila shauri lao. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa milima, na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Wataalamu walikuwa na hoja, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwapo. Lakini kazi ilikuwa nzito, mazao hayakuongezeka kama walivyoahidiwa, na wenye ardhi hawakuulizwa. Mwaka 1955 fujo zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Mpango ulikuwa na fedha na wataalamu. Ulichokosa ni ridhaa ya watu.

Katika miaka ya 1980 njia nyingine ilijaribiwa katika uwanja wa sanaa. Penina Mlama, mzaliwa wa Berega wilayani Kilosa, na Amandina Lihamba, mzaliwa wa wilaya ya Morogoro, walikuwa walimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wao na wenzao walikwenda vijijini, si kupeleka mchezo uliokwisha andikwa, bali kukaa na wanakijiji, kuchunguza nao matatizo yao, na kuyatungia michezo kwa kutumia ngoma na masimulizi ya palepale. Onyesho lilipokwisha, mjadala ulianza, na wanakijiji wakaamua la kufanya. Miongoni mwa vijiji hivyo ni Mkambalani, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, mashariki ya mji wa Morogoro. Kazi hiyo imeelezwa na Mlama mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1991.

Fedha za kazi za namna hii aghalabu hutoka nje ya kijiji. Lakini kilichofanywa Mkambalani kinatofautiana na matuta ya 1955 kwa jambo moja: wanakijiji walikuwa watungaji na waamuzi. Udhaifu wake nao usifichwe. Wataalamu wanapoondoka, ni nani hununua ngozi ya ngoma iliyopasuka?

Mfuko na Wafadhili

Swali hilo lilihitaji jibu la kitaifa. Sera ya Utamaduni ilitolewa mwaka 1997, na mwaka 1998 ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na ya Sweden. Kikundi cha ngoma, mchongaji au mwandishi sasa aliweza kuandika maombi na kupewa ruzuku. Lilikuwa jambo jema, na wengi walinufaika. Lakini fedha za mfadhili wa nje zilipopungua, kazi za Mfuko nazo zilififia. Katika miaka ya 2020 Serikali imeuhuisha, na safari hii unatoa mikopo kwa wasanii.

Mkopo una faida kwa msanii mwenye bidhaa ya kuuza sokoni. Lakini bibi wa Matombo anayejua nyimbo za mwali hana bidhaa ya namna hiyo. Alichonacho ni elimu, na elimu hiyo haitazalisha marejesho ya kila mwezi. Kwa mtu kama huyo ruzuku ya Serikali na mchango wa jamii yake havina badala.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha vipindi vinne: ghala la ukoo, kiingilio cha klabu, fungu la Serikali na ruzuku ya mfadhili. Kila kipindi kilipanua maana ya "kwao", na kila kipindi kilipunguza kidogo sauti ya mtunzaji wa karibu. Fedha za mbali si adui. Osaka isingefikiwa kwa viingilio vya mlangoni peke yake. Lakini kila mara fedha hizo zilizaa matunda pale zilipokuta watu wamekwisha anza wenyewe, wana kitu chao na wana haki ya kusema hapana.

Walimu na wanafunzi wana kazi yao katika jambo hili. Kikundi cha ngoma cha shule kisingojee siku ya mgeni rasmi wala mashindano ya UMISSETA ndipo kikumbukwe. Kiwe na fungu lake dogo, litokanalo na bustani ya shule au mchango wa wazazi, na kiwe na mzee wa kijiji aalikwaye kufundisha na kupewa ujira wake kwa heshima. Wanafunzi na waulize nyumbani: ngoma ya mwisho ya mwali katika ukoo wetu ilichezwa lini, na nani alileta nini? Majibu yaandikwe, kwa kuwa wanaoyajua wanapungua mwaka hadi mwaka.

Maji ya Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru na kunywewa Dar es Salaam. Mtu wa mjini akitaka maji hana budi kusaidia kuilinda misitu ya mlimani, lakini anayeishi kando ya chemchemi ndiye wa kwanza kuona inapokauka. Sanaa nayo ni hivyo. Taifa na lichangie, marafiki wa mbali na wachangie, lakini mchezaji atunzwe kwanza kwao.