Ngoma ya mti, likembe na pembe: vyombo vya Kasongo na Kabambare, na wenye navyo

Ukitaja ngoma sokoni Kasongo, mtu anafikiri ile ya ngozi. Lakini iko nyingine isiyo na ngozi hata kidogo: gogo la mti mgumu, mara nyingi wa rangi nyekundu, lililochongwa tumbo kupitia mpasuko mwembamba wa juu, na kupigwa kwa fimbo mbili zilizofungwa mpira kwenye ncha. Kwa Lingala ni lokole. Watetela, ndugu wa Wakusu kwa lugha, wanaiita lokombe. Yao ni pana chini na nyembamba juu. Hapa tutasema ngoma ya mti, ili vijana wasiichanganye na ile ya ngozi.

Kazi kubwa iko ndani, pale ambapo jicho halifiki. Fundi anachonga kupitia ule mpasuko mwembamba, na anaacha mdomo mmoja wa mpasuko mnene kuliko mwingine. Upande mmoja unatoa sauti ya juu, upande mwingine sauti ya chini. Akikosea unene, chombo kinabaki gogo la kukalia. Akipata, iko ngoma inayosema, na alfajiri wakati hewa imetulia inafika kilometa kadhaa.

Inasema namna gani? Si kwa alama za siri kama simu ya zamani ya posta. Lugha nyingi za Kongo zinapanda na kushuka: neno lile lile, ukilibadilisha sauti, linakuwa neno jingine. Mpigaji anachukua ule mpando na mshuko wa maneno na kuuweka kwenye midomo miwili ya ngoma. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani na kujifunza kupiga kwa Walokele, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1949. Mfano wake mmoja unaeleza kila kitu. Kwa Kilokele, mwezi ni songe na kuku ni koko; yote mawili yana silabi mbili za juu. Ngoma haiwezi kuyatofautisha. Basi mpigaji haishii kwenye neno: kwa mwezi anaongeza kwamba unaiangalia dunia kutoka juu, kwa kuku anaongeza kwamba ni kale kadogo kanakolia kiokio. Ndiyo maana habari ya ngoma ni ndefu kuliko ya mdomo. Mgeni alidhani ni mapambo, kumbe bila yale maneno marefu hakuna anayeelewa.

Sasa hapo ndipo tabu ya Maniema ya kusini inapoanza. Kiswahili hakipandi na kushuka kwa namna hiyo. Kinakaza silabi moja kabla ya mwisho, basi. Maneno ya Kiswahili ukiyaweka kwenye ngoma ya mti yanafanana karibu yote. Kibangubangu cha Kabambare kinapanda na kushuka; mtaalamu wa Ubelgiji, Meeussen, alitoa maelezo ya sarufi yake mwaka 1954, na mtu anaweza kusoma humo namna sauti zinavyokwenda. Lakini mtoto aliyezaliwa mjini, nyumba ambamo baba ni Mzimba na mama Mkusu na wote wanaongea Kiswahili mezani, ngoma hiyo kwake ni mapigo matupu. Anaweza kuipiga vizuri hata wakacheza watu. Kusema nayo, hapana. Watu wanalaumu simu za mkononi na redio (ndiyo, na redio) kwa kuua ngoma ya mti. Simu imechukua kazi ya kupeleka habari, ni kweli. Ila kilichoondoa maneno ndani ya ngoma ni lugha ya nyumbani, na jambo hilo lilianza kabla ya simu, tangu siku za misafara ya pwani, Tippu Tip alipofanya Kasongo makao yake na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana.

Juu ya umiliki, ngoma kubwa ya mti mara nyingi haikuwa ya mpigaji. Ilikuwa ya sultani au ya ukoo, kama kiti na fimbo ya enzi. Mpigaji alikuwa mtu wa kazi: anajua majina ya ngoma ya watu, anajua namna ya kutangaza kilio, kuita watu wa baraza. Basi chombo kilikuwa na mwenyewe na maarifa yalikuwa na mwenyewe mwingine, na kimoja kinaweza kufa huku kingine kipo. Ukikuta ngoma nzuri kwenye nyumba ya sultani leo, swali si bei yake. Swali ni kama bado yuko mtu wa kuipiga kwa maneno.

Vita navyo vilichagua vyombo kwa uzito. Tangu 1996, na zaidi tangu 1998, watu wa Kabambare wamekimbia mara nyingi kupita hesabu. Mtu anayekimbia usiku na watoto habebi gogo. Anabeba sufuria, mkeka, na kama yuko mchezaji, likembe.

Likembe ni ndogo: kisanduku cha mti na ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Si ya zamani sana huku. Ilipanda kutoka Kongo ya chini na wapagazi, askari na watumishi wa wazungu, mwisho wa karne ya 19, na kila kabila likaifanya yake. Ndimi zinafuliwa kutoka msumari, kijiti cha mwavuli, au spoku ya kinga iliyokufa. Vipete vidogo vya waya vinazungushwa kwenye ndimi ili ziungurume. Sikio la kigeni husikia kasoro, lakini bila mnguruno huo wazee watakuambia likembe imekauka. Kisandukuni kuna tundu ambalo kidole hufunga na kufungua, sauti ikayumba.

Kitu cha kujua kwa anayetaka kuwa nayo: sauti za likembe hupangwa kwa kusukuma kila ulimi mbele au nyuma, na hakuna mpango mmoja wa wote. Ikianguka chini, ndimi zinateleza, na ni mwenyewe tu anayekumbuka zilikuwa wapi. Chora mstari mdogo kwa msumari pale kila ulimi unapokalia. Ni dakika tano. Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la Mingiedi Mawangu liliunganisha likembe na vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa vyuma vya magari makuukuu, na diski yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ilizunguka dunia. Kwa hiyo hakuna haja ya kuona aibu kwa spoku ya kinga.

Zeze, ule ubao wa nyuzi wenye kibuyu, unajulikana kutoka pwani hadi mashariki ya Kongo, lakini kibuyu kinapasuka na wachongaji wamepungua. Dufu za Maulidi haziko hatarini: zina msikiti, zina siku yake, zina vijana.

Pembe ni habari nyingine. Pembe ya Kiafrika hupulizwa ubavuni, si kwenye ncha, na ile ya tembo ilikuwa ya wakubwa. Siwa ya Pate, pembe ya tembo ambayo sasa iko makumbusho ya Lamu, ni ya ukoo huo huo, nayo ilipulizwa kwa heshima ya watawala. Mwenye pembe ya tembo nyumbani ajue kwamba biashara yake kati ya nchi imefungwa tangu 1990. Na kwa vyombo vingine vya kale, amri-sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni: mnunuzi anayekuja na pikipiki na kusema atapeleka ngoma Ulaya lazima awe na ruhusa ya serikali. Muulize karatasi kabla ya kuhesabu pesa.

Maana kikishaenda, kurudi ni kazi. Wapokomo wa mto Tana, Kenya, walinyang'anywa ngoma yao kubwa, ngadji, na watawala Waingereza mwaka 1902. Zaidi ya miaka mia ilikuwa bado katika ghala la British Museum, London. Tervuren, Ubelgiji, kuna vyombo vya muziki vya Kongo kwa maelfu. Mwaka 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, na hata hicho ni mkopo usio na mwisho, si urithi uliorudishwa moja kwa moja.

Anayetaka kuhifadhi ngoma ya mti akiwa Kasongo au Kabambare, aiweke juu ya mawe mawili, mbali na mchwa na moshi mwingi, na asiipake rangi wala vanishi. Kisha aende kwa mzee anayejua, na simu ya kawaida. Kwanza mzee aseme maneno kwa mdomo, polepole, kwa kilugha. Halafu apige maneno yale yale. Halafu aeleze kwa Kiswahili maana yake. Mara tatu, kwa mpango huo. Ukirekodi mapigo peke yake, mjukuu atabaki na kelele nzuri.