Mkono, Kamba na Boriti: Vipimo Katika Utamaduni Wetu

Wanafunzi wengi wa shule za sekondari hudhani kwamba jiometri ni elimu ngeni, iliyoingia nchini pamoja na rula na bikari ya shule. Dhana hiyo ina madhara, kwani mtu adhaniye kuwa elimu si ya kwao huisoma kwa woga, na aisomaye kwa woga huisahau upesi. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba elimu ya vipimo na maumbo ilikuwamo katika maisha ya wahenga wetu, nyumbani, sokoni na hata katika ushairi. Na kwamba tangu hapo kupima kulikuwa ni kupatana.

Kipimo cha kwanza cha binadamu ni mwili wake. Wahenga walipima kwa shibiri, nayo ni nafasi iliyopo kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Shibiri mbili ni mkono mmoja, yaani dhiraa, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, ambayo ni urefu wa mikono yote miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto. Nafaka nayo ilikuwa na utaratibu wake: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Msomaji ataona kwamba katika mifumo yote miwili hesabu huenda kwa kuzidisha kwa mbili, hata mtoto asiyejua kusoma aweza kuishika. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba haikutungwa na watu wasiojua ujazo ni nini.

Lakini mikono ya watu hailingani, na hapo ndipo penye mgogoro. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19 nguo ilitumika kama fedha. Shuka moja ilikuwa mikono minne, na doti moja mikono minane. Tena mkono wenyewe ulikuwa wa namna mbili: mkono kamili, unaofika ncha ya kidole, na mkono konde, unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tukikadiria kwamba tofauti yake ni sentimeta 8, basi anunuaye doti moja kwa mkono konde hupungukiwa sentimeta 64, zaidi ya mkono mzima. Mtu aliyetoa pembe au nafaka yake bila kuuliza ni mkono wa nani, tena wa namna gani, alirudi nyumbani na hasara. Kwa hiyo kipimo hakikuwa hesabu tu. Kilikuwa ni suala la haki baina ya watu.

Tutoke sokoni sasa twende kwa wajenzi. Ajengaye nyumba ya msonge husimamisha kigingi katikati, akafunga kamba, akazunguka nayo huku akichora ardhini. Kigingi ni kitovu, kamba ni nusukipenyo, na alama iliyochorwa ni duara. Kuna faida kubwa katika umbo hilo. Tuchukue ukuta wenye urefu wa mikono 22. Ukiuzungusha duara, kipenyo chake ni mikono 7, na eneo la ndani ni mikono ya mraba 38 na nusu. Ukuta huo huo ukijengwa mraba, kila upande utakuwa mikono 5 na nusu, na eneo litakuwa mikono ya mraba 30 na robo tu. Kwa miti na udongo ule ule, mwenye msonge alipata nafasi kubwa zaidi ya kulala na kuweka chakula.

Pwani, katika majumba ya mawe, sheria ilitokana na mti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida zilitoa upana wa meta mbili na nusu hadi karibu meta tatu. Ndiyo maana vyumba vya majumba hayo ni virefu na vyembamba: urefu waweza kuongezwa, lakini upana hauwezi kuipita boriti. Miti hiyo iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ikasafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko pia ikaamua upana wa vyumba.

Fundi wa pwani alihitaji pia pembe zilizo sawa na kuta zilizosimama wima. Timazi humwonyesha wima. Ama pembe mraba, yaweza kupatikana kwa kamba iliyogawanywa sehemu 12 zilizo sawa, ikavutwa iwe pembetatu yenye pande za sehemu 3, 4 na 5. Ustadi wa mafundi waweza kuonekana katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alifika mjini kwake mwaka 1331. Ndani yake kuna birika la pembe nane. Mwanafunzi na ajaribu kuchora umbo hilo. Achore mraba, apime nusu ya ulalo wake, kisha kutoka kila pembe atie alama ya urefu huo katika pande mbili zinazokutana hapo. Atapata alama nane, na akiziunganisha kwa zamu atapata pembe nane zilizo sawa.

Washairi nao hawakuachwa nyuma. Idadi ya silabi katika mshororo twaiita mizani, jina la chombo cha sokoni. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Wa shairi la kawaida una 16, nusu huku na nusu huku. Silabi ikizidi, msikilizaji huisikia mara moja, kama mnunuzi aionavyo mizani iliyolemea upande mmoja.

Ugomvi wa mkono konde haukuwa wetu peke yetu. Ufaransa nayo ilikuwa na vipimo vilivyotofautiana mji na mji, ikaweka meta kwa sheria mwaka 1795, ikiikadiria kwa ukubwa wa dunia. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia sahihi Mkataba wa Meta mjini Paris. Tangu mwaka 1983 meta hupimwa kwa mwendo wa nuru. Nchi za Afrika Mashariki ziliishika baada ya Uhuru, zikaacha yadi na ratili za Waingereza. Hivyo meta si mkono wa mtu yeyote, mrefu wala mfupi, ni mapatano.

Yawapasa basi walimu wetu waanzie hapo. Kila mwanafunzi aupime ubao wa darasa kwa mkono wake mwenyewe na kuandika hesabu yake. Majibu yatatofautiana, na darasa litabishana. Ubishi huo ukikolea, mwalimu atoe rula ya meta.