Ushauri kwa mawaziri

Ushauri kwa mawaziri ni wajibu wa mtumishi wa umma kumpa waziri taarifa kamili na maoni ya kitaalamu kabla uamuzi haujafanywa. Katika mfumo wa Uingereza, uliorithiwa na nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, mtumishi hushauri, waziri huamua na kujibu bungeni.

Chimbuko
Ripoti ya Stafford Northcote na Charles Trevelyan ya 1854 nchini Uingereza ilitaka watumishi waajiriwe kwa mitihani badala ya kujuana, ili wapatikane watu wenye uwezo na uhuru wa kuwashauri wakubwa wao.

Dokezo
Dokezo zuri, yaani andiko la kumshauri waziri, ni fupi. Hutaja jambo linaloamuliwa, njia zilizopo, gharama, hatari na pendekezo. Takwimu zisizompendeza waziri haziachwi. Waziri akishaamua, na uamuzi ukiwa halali, mtumishi huutekeleza kwa bidii ileile hata kama ushauri wake ulikataliwa.

Maelekezo ya maandishi na bwawa la Pergau
Nchini Uingereza, Katibu Mkuu ndiye Afisa Masuuli wa wizara, yaani mwenye dhamana ya fedha zake. Akiona matumizi hayana tija, hulazimika kupinga kwa maandishi; waziri akishikilia, naye humwelekeza kwa maandishi. Mfano mashuhuri ni wa 1991. Tim Lankester, Katibu Mkuu wa idara ya misaada ya nje, alipinga kwa ujasiri msaada wa pauni milioni 234 kwa bwawa la umeme la Pergau, Malaysia, kwa kuwa umeme wa gesi ungekuwa nafuu zaidi. Ahadi ya msaada ilikuwa imefungamana na mauzo ya silaha. Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, aliagiza fedha zitolewe. Bwawa lilijengwa, lakini pingamizi lilibaki kwenye jalada. Wakaguzi wa hesabu za serikali walilifichua, Bunge likahoji, na Novemba 1994 Mahakama Kuu ikaamua kuwa msaada huo ulikiuka sheria. Bila karatasi ile, huenda aibu hiyo ingezikwa. Baadaye Lankester alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo.

Afrika Mashariki
Tanzania nayo humfanya Katibu Mkuu kuwa Afisa Masuuli. Katibu Mkuu Kiongozi ni katibu wa Baraza la Mawaziri. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 226, humtaka mwenye ofisi ya umma aliyeelekeza au kuidhinisha matumizi kinyume cha sheria alipe hasara, awe bado ofisini au ameondoka.