Mzungu wa Nne: Asili ya Istilahi za Karata

Wafasiri wanapoletewa kanuni za mchezo wa karata, aghalabu hudhani kwamba Kiswahili hakina maneno yake, wakaanza kubuni: moyo, almasi, sepetu, rungu. Mtu wa pwani aliyekulia barazani hushangaa, maana yeye anayo kopa, uru, shupaza na pau tangu utotoni. Tumeona yafaa maneno haya yaelezwe asili yake kabla hayajasukumwa kando.

Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Maneno waliyotuachia ni machache yakilinganishwa na ya Kiarabu: meza, bendera, gereza, mvinyo, leso. Lakini katika karata waliacha karibu msamiati wote. Karata yenyewe ni carta. Kopa ni copas, yaani vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, magongo. Hizo ndizo picha za karata za zamani. Picha zilibadilika, majina yakabaki. Basi anayeiita shupaza sepetu amedanganywa na neno la Kiingereza, ambalo nalo, katika karata, latokana na upanga uo huo.

Lenye kutatiza zaidi ni jambo la wazungu. Karata zenye sura za watu huitwa hivyo: mzungu wa pili ni malkia, wa tatu ni yule kijana mtumishi, wa nne ni mfalme. Msomaji atauliza: wa kwanza yu wapi? Na mtumishi ampiteje malkia?

Jibu limo katika bisca, mchezo mwepesi wa Kireno ambao babu na mjukuu waweza kuucheza baada ya chakula. Huondolewa 8, 9 na 10, zikabaki karata 40. Katika namna yake iliyo nyepesi, kila mmoja hupewa tatu, na moja hufunuliwa kuonyesha turufu. Kila mtu hutupa karata moja. Iliyo kubwa hula, na turufu ndogo kabisa hula karata yoyote isiyo turufu. Kisha huokotwa nyingine. Mwishoni huhesabiwa zilizoliwa: ree 11, seti (yaani saba) 10, mfalme 4, mtumishi 3, malkia 2. Nyingine hazina thamani. Jumla ni 120, na mwenye 61 ameshinda.

Utamu wote umo katika seti. Ukiitupa mapema, huenda mwenzio akawa na ree, au kijiturufu cha mbili, akakunyang'anya kumi zako huku akicheka. Ukiificha mno, itakutoka mwishoni kwa lazima. Hakuna hesabu iwezayo kukuondolea hofu hiyo, na ndiyo maana watoto huwashinda wazee mara nyingi.

Sasa fumbo limefumbuka. Mbili, tatu na nne si vyeo bali ni thamani. Hakuna mzungu wa kwanza kwa kuwa hakuna karata ya thamani ya moja. Hesabu hii imo pia katika albastini, ichezwayo Tanzania. Ajabu iliyobaki ni ree: kwa Kireno rei ni mfalme, lakini kwetu jina limeipata karata yenye alama moja. Tunadhani lilihama kwa sababu karata hiyo ndiyo inayotawala.

Kwa hiyo twapendekeza kopa, uru, shupaza, pau na turufu zitumike katika tafsiri zote. Turufu, hata hivyo, haina hofu ya kufa, kwani wanasiasa na waandishi wa magazeti huitupa kila siku. Wazungu watumike pale tu ambapo mchezo unafuata hesabu hii. Penginepo, ambapo malkia humshinda mtumishi, kumwita yeye wa pili na mtumishi wa tatu kutampotosha mchezaji, na ni afadhali kusema malkia na mfalme. Jokari si ya Kireno, na neno hilo la mkopo latosha. Ila lisifupishwe kuwa joka.