Nani Alihesabu Herufi Zetu?

Chukua methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: haraka haraka haina baraka. Sasa mwaga mezani vipande vyote 100 vya Scrabble ya Kiingereza, halafu jaribu kuipanga. Hutaweza. Methali inataka H 3, mfuko una 2. Inataka K 3, mfuko una 1. Inataka A 11, mfuko una 9. Hata ukitumia vile vipande viwili vitupu, ambavyo vinaruhusiwa kusimama badala ya herufi yoyote, bado utapungukiwa na herufi 3.

Maneno manne tu! Herufi 23 zimeushinda mfuko wenye 100. Kwa nini? Kuna watakaosema ni mchezo tu, tusiupe uzito. Lakini nyuma ya mchezo huu kuna historia, na historia hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia umeanguka, msanifu majengo mmoja aitwaye Alfred Butts alipoteza kazi yake huko New York. Akakaa chini akawaza: ni mchezo gani watu watapenda kuucheza? Akaamua kutengeneza wa maneno. Mtu apewe herufi chache mkononi, atafute neno linalotoka humo. Wazo jepesi, lakini likaleta swali gumu. Kila herufi iwekwe mara ngapi?

Butts hakukisia. Alichukua magazeti, ukiwemo ukurasa wa mbele wa New York Times, akaanza kuhesabu herufi moja baada ya nyingine. Aliyoyapata ndiyo yaliyomo mfukoni hadi leo: E ziko 12 na kila moja ina pointi 1, wakati Q iko moja na ina pointi 10. Herufi ikiwa adimu, bei inapanda. S alizibana makusudi zikawa 4 tu, maana kwa Kiingereza ukibandika S mwishoni mwa neno umepata wingi bila jasho.

Viwanda vya michezo vilimkatalia. Ubao wa miraba 15 kwa 15 ulikuja mwaka 1938, na jina Scrabble likaja mwaka 1948 baada ya James Brunot kuuchukua mchezo. Mwaka 1949 Brunot alitengeneza seti 2,400 na akapata hasara ya dola 450. Mambo yalibadilika mwaka 1952, duka kubwa la Macy's lilipoanza kuuagiza.

Kwa hiyo ule mfuko ni picha ya lugha moja, iliyopigwa na mtu mwenye kalamu na gazeti. Wenye lugha nyingine walilielewa hilo mapema, wakapiga picha zao. Seti ya Kifaransa ina vipande 102, E zikiwa 15, na K ina pointi 10 kwa sababu Wafaransa hawaitumii sana. Hata Wales, nchi ndogo yenye lugha iliyobanwa na Kiingereza kwa karne nyingi, ina seti yake. Humo hakuna K wala Q wala V, na sauti kama CH, DD na LL kila moja huandikwa kwenye kipande kimoja.

Haya, turudi kwetu. Kwenye mfuko wa Kiingereza K inahesabiwa adimu, iko moja na ina pointi 5. Kwetu sisi K iko kila mahali: kula, kitu, katika, kwa, kwake. Hata neno kuku linakulazimisha utumie kipande kitupu. Neno kukukumbuka lina K 4, kwa hiyo haliandikiki kabisa! Upande wa pili, Q na X hatuzihitaji, na C bila H haina kazi. Zikikuangukia mwishoni mwa mchezo, unakatwa pointi kwa herufi ambazo lugha yako haina.

Na nani aliamua kwamba hatuna Q na X? Hapo ndipo historia yetu inapoingia. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika mwandiko ule irabu fupi zilikuwa alama za juu na chini ya herufi, na mara nyingi herufi ya B ilibeba P pia. Karani wa Unguja au Lamu wa zama hizo angehesabu herufi zake akapata picha tofauti kabisa na yetu. Halafu wakaja wamisionari na herufi za Kirumi. Edward Steere alitoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf ikatoka mwaka 1882 kwa tahajia tofauti. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji huo. Tahajia tunayoandikia hadi leo ilikubaliwa katika meza za wakati wa ukoloni.

Lakini kuhesabu herufi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kukubaliana neno ni lipi.

Kwa Kiingereza wachezaji wana orodha. Ile inayotumika katika mashindano ya kimataifa ina maneno zaidi ya 270,000, na lisilokuwemo si neno, basi. Orodha ya namna hiyo inaweza kukaririwa. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa! Alikariri tu. Mwaka 2024 akafanya hivyo hivyo kwa Kihispania.

Je, angeweza kwa Kiswahili? Mimi naamini kamusi peke yake isingemfikisha mbali. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Utakuta pika. Hutakuta tulipika wala atapika (ukiikuta atapika utakuwa umekutana na tapika, habari nyingine kabisa). Chukua nafsi sita na nyakati nne tu, na, li, ta na me, tayari pika moja imezaa maneno 24. Hapo hujaweka ukanushi, hujaweka mtendewa, hujafika kwenye pikia, pikwa na pikisha. Butts aliogopa S ya mwishoni, kumbe maneno yetu yanakua kwa mbele: oga, woga, mwoga.

Ndiyo maana mashine inayotafuta maneno kwa kupekua orodha inafaa Kiingereza kuliko Kiswahili. Ya kwetu inahitaji kujua sarufi. Jambo hili liliwahi kushughulikiwa kwa uzito katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ambako Arvi Hurskainen alianza miaka ya 1980 kujenga programu inayoitwa SALAMA. Programu hiyo inalivunja neno la Kiswahili katika viambishi na mzizi wake. Namheshimu sana mzee yule. Lakini najiuliza, kwa nini iwe Helsinki kabla ya Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar?

Mwaka 2015 huo huo, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Nilifurahi kama wengine. Ila ni ushindi tulioupata kwa mfuko wa watu wengine. Mwaka 2021 UNESCO iliipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai. Kila mwaka tunasikia hotuba kwamba Kiswahili ni kikubwa na kinakua. Sawa. Lakini lugha inakua pia pale watu wake wanapoihesabu, wanapobishana ng' iwe kipande kimoja au vitatu, wanapoamua kama atanipikia ni neno moja la halali au la.

Butts hakuwa profesa wala hakuwa na ruzuku. Alikuwa mtu asiye na kazi, mwenye gazeti na kalamu. Magazeti ya Kiswahili yanatoka kila asubuhi. Chukua ukurasa wa mbele wa leo, hesabu A zake, hesabu K zake, uniambie umepata ngapi.