Afande na Dereva: Historia ya Visingizio vya Barabarani

Januari 28, 1896, askari mmoja wa kijiji cha Paddock Wood, katika wilaya ya Kent nchini Uingereza, alikuwa nyumbani kwake anakula. Mara nje pakapita gari lisilovutwa na farasi. Askari akaacha chakula, akavaa kofia yake, akadandia baiskeli na kulifukuza. Alikanyaga pedeli karibu maili 5, sawa na kilomita 8, ndipo akalifikia.

Dereva alikuwa Walter Arnold, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Benz. Kosa lake lilikuwa kwenda maili 8 kwa saa mahali ambapo mwisho ulikuwa maili 2, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mahakama ya Tonbridge ilimsomea mashtaka manne. Gari lake halikuwa na farasi, lilikuwa na watu pungufu ya watatu wa kuliongoza, lilikwenda kasi, na halikuonyesha jina na anwani ya mwenyewe. Wakili wake alijenga hoja kwamba sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya mitambo mizito ya mvuke, wakati ambapo hakuna aliyewazia chombo chepesi kama hiki. Mahakama haikukubali. Kwa mwendo kasi Arnold alitozwa shilingi moja pamoja na gharama, na jumla ya yote ikafika pauni 4 na shilingi 7. Anatajwa kuwa dereva wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa kwenda kasi na gari.

Hata hivyo wakili wake hakuwa amekosea sana. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge la Uingereza lilipandisha kiwango cha mwendo hadi maili 14 kwa saa. Utetezi wa kwamba sheria hii haikutungwa kwa ajili yangu umezaliwa pamoja na gari lenyewe, na tangu hapo haujakauka midomoni mwa madereva.

Kisingizio kingine cha zamani ni "sikujua". Hiki kililitangulia gari. Mwaka 1872 rais wa Marekani, Ulysses Grant, alikuwa mpenzi mkubwa wa farasi wenye mbio. Askari William West, mtu mweusi aliyekuwa amepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, aliwekwa kulinda mitaa ya Washington baada ya mama mmoja na mtoto wake kugongwa na kuumizwa na farasi waliokuwa wakikimbizwa. West mwenyewe alilisimulia gazeti mwaka 1908 kilichotokea. Siku ya kwanza alimsimamisha rais, naye rais akauliza kama kweli mwendo wake ulikuwa umevunja sheria. Alipoelezwa habari za majeruhi aliomba radhi na kuahidi kwamba haitatokea tena. Kesho yake akapita pale pale, kasi ile ile, akishindana na marafiki zake. Safari hii West alimwomba samahani lakini akamkamata. Grant hakufoka wala hakutaja cheo. Alimwambia askari atimize wajibu wake, akaenda kituoni na kuweka dhamana ya dola 20. Hakutokea mahakamani, na fedha hizo zikachukuliwa. Mwaka 2012 mkuu wa polisi wa Washington wa wakati huo alithibitisha kuwa tukio hilo lilikuwa la kweli. Katika historia nzima ya barabara, ni vigumu kupata askari aliyesimama imara kuliko West jioni ile.

New York nayo ilikuwa na askari wake wa baiskeli, kikosi kilichoanzishwa Theodore Roosevelt alipokuwa mmoja wa wakuu wa polisi wa jiji hilo, miaka michache kabla ya kuwa rais. Mei 20, 1899 mmoja wao alimkamata dereva wa teksi ya umeme, Jacob German, akienda maili 12 kwa saa katika mtaa wa Lexington. Kiwango kilikuwa maili 8. German alitiwa mahabusu.

Kisha madereva wakaona ni afadhali kuonywa mapema kuliko kujitetea baadaye. Mwaka 1905, London, waliunda Chama cha Magari, ambacho wengi wanakijua kwa herufi AA. Kilikuwa na vijana wa doria wa kuwatahadharisha madereva kwamba mbele kuna mtego wa polisi. Mwaka 1910, katika kesi ya Betts na Stevens, mahakama iliamua kuwa kumwonya dereva anayekwenda kasi ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama kikabuni njia nyingine. Mtu wa doria alipaswa kumpigia saluti kila mwanachama aliyepita. Asipopiga, dereva apunguze mwendo na asimame kumuuliza kulikoni. Basi yule kijana wa doria angeshtakiwa kwa lipi? Hakuna sheria inayomwadhibu mtu kwa kutopiga saluti. Dereva wa Tanzania au Kenya anayewashiwa taa na mwenzake anayetoka mbele anaujua undugu huu vizuri, hata kama hajawahi kusikia habari za London.

Kwa Kiswahili cha barabara za Tanzania, dereva aliyenaswa na kipima mwendo husema amepigwa tochi. Hapo ndipo hadithi zinapoanza. Afande, nina mgonjwa. Afande, nawahi msiba. Afande, kibao cha hamsini sikukiona, lori lilikuwa limenikinga. Askari aliyekaa miaka katika barabara kuu amezisikia zote, na bado hulazimika kusikiliza kila moja, maana siku nyingine mgonjwa yupo kweli kwenye kiti cha nyuma.

Kamera haina masikio hayo. Mholanzi Maurice Gatsonides, bingwa wa mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953, alitengeneza kifaa cha kupima mwendo ili ajue anavyopita kwenye kona na aongeze kasi zaidi. Kifaa hicho kikawa mzazi wa kamera za polisi. Tangu hapo kisingizio kikahama barabarani, kikaanza kuandikwa kwenye karatasi na kuapiwa. Mabadiliko hayo yaliwagharimu watu sana.

Marcus Einfeld aliwahi kuwa jaji wa Mahakama ya Shirikisho ya Australia. Januari 2006 kamera ya Sydney ililinasa gari lake likienda kilomita 60 kwa saa mahali pa 50. Faini ilikuwa dola 77 za huko. Alisema chini ya kiapo kwamba gari lilikuwa na rafiki yake, profesa Teresa Brennan wa Marekani. Mwandishi wa habari alipofuatilia akakuta profesa huyo alifariki mwaka 2003. Einfeld akadai alimaanisha Brennan mwingine. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Angelilipa zile dola 77, jina lake lingebaki safi.

Wengine hawadanganyi, wanabishana. Mwaka 2012 mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliandika makala ya kisayansi kupinga tiketi ya kutosimama kwenye kibao cha kusimama. Alieleza kwamba alipiga chafya, akafunga breki kwa nguvu, akaondoka haraka, na kwamba kwa nukta ile gari jingine lilimkinga, hivyo askari akaona kama hakusimama kabisa. Hakimu alimwachia.

Ubishi mtamu zaidi unatoka kwenye njia ambazo Marekani imezitengea magari yenye watu wawili au zaidi. Mwanamume mmoja wa California alipita na karatasi za kampuni kwenye kiti cha pembeni, akidai kampuni ni mtu kisheria. Mahakama ikamkatalia mwaka 2013. Mwaka 2022 mjamzito wa Texas alisema mtoto aliye tumboni anahesabika, akaandikiwa tiketi papo hapo. Na mwaka 2019, karibu na Las Vegas, askari wa Nevada alisimamisha gari la kubebea maiti. Dereva alishangaa. Kwani huyu wa nyuma hahesabiwi? Askari alimweleza kwamba abiria lazima awe anapumua, akampa onyo, akamwambia ahame njia, akamruhusu aende na marehemu wake.